Wageni wa Tanga na swali la mlimani

Najua nimepotea muda mrefu, testi zilinibana kweli kweli. Wikiendi hii nimepata pumzi kidogo, ila sikulala. Mwenzangu tunayekaa naye geto hapa Rau alitembelewa na dada zake wawili kutoka Tanga, mmoja kaolewa Pangani. Yeye mwenyewe alikuwa na kazi ya kundi, basi kutembeza wageni kukaniangukia mimi. Hela ya kupanda mlima hawana, na mimi ndo kabisa. Lakini Moshi hata mwenye mfuko mtupu anatembea.

Jumamosi tukaanza na msitu wa Rau. Wanachuo wengi wanamaliza miaka mitatu bila kuukanyaga, na uko hapo tu, mwendo mfupi wa baiskeli kutoka mjini. Ni hifadhi ya zaidi ya hekta 500, na unaishi kwa maji ya chini ya ardhi, ndiyo maana unabaki kijani hata mji mzima ukiwa vumbi tupu. Kuna mbega, kuna mivule ambayo sisi watatu tulishikana mikono tukashindwa kuizunguka. Kuna pia mti unaitwa msoo, ni adimu sana duniani. Hata wataalamu wa mimea walipoupa jina la kisayansi walibakiza hilo hilo la wenyeji, msoo. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Tukatokea kwenye mashamba ya mpunga. Kama saa kumi na moja jioni mawingu yakafunguka, Kibo hiyoo, imekaa kama imetengwa mezani. Dada mkubwa akauliza, "Hivi nani alifika kule juu wa kwanza?"

Nikajibu haraka kama niko kwenye mtihani: Hans Meyer, Mjerumani, tarehe 6 Oktoba 1889, akiwa na Ludwig Purtscheller wa Austria. Nikajiona profesa.

Yule wa Pangani akanitazama. "Kaka, wawili tu? Mizigo walibeba wenyewe?"

Jamani, nilikosa jibu. Usiku nikakaa kusoma mpaka saa nane.

Kumbe hadithi yote ya hawa wageni imejaa watu wa Pwani. Mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima tarehe 11 Mei 1848, lakini aliyemwongoza njiani ni Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za misafara. Rebmann alipoandika kuwa kuna theluji karibu na Ikweta, kuna msomi London alimbishia kwa miaka. Wachagga waliokuwa wakinywesha migomba yao kwa mifongo inayotoka mlimani hakuna aliyewauliza.

Meyer naye hakufika siku moja. Mwaka 1887 barafu ilimrudisha. Mwaka 1888 hata mlimani hakufika: alikamatwa na watu wa Abushiri, yule yule wa Pangani aliyepigana na Wajerumani, akaachiwa kwa kulipa fedha. Mwaka 1889 akabadili mpango. Aliweka kambi kubwa Marangu kwa Mangi Marealle, kisha kambi nyingine juu, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula. Kumbe kilichokuwa kinamrudisha ni njaa na baridi pia, na dawa yake ni migongo ya watu.

Kwenye kambi ya juu kabisa, kati ya Kibo na Mawenzi, zaidi ya mita 4,000, alibaki mtu mmoja na wale wazungu wawili. Anaitwa Mwini Amani, mtu wa Pangani. Alipika, akalinda hema, akawasubiri. Asubuhi nilipomwambia yule dada alinyamaza kwanza, halafu akatoa simu akaliandika lile jina.

Kilele Meyer alikiita jina la mfalme wake, Wilhelm. Usiku wa uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda akapandisha bendera na mwenge huko juu, nacho kikawa Uhuru. Lakini angalia ramani: Meyer yupo, Purtscheller yupo, Gillman yupo, Stella yupo. Mti wa Rau umebaki na jina lake, ila Mwini Amani mimi sijamwona popote. Kweli, mwaka 1989 kwenye sherehe za miaka 100 mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alitambuliwa kama kiongozi wa safari ile. Lakini hiyo ni miaka mia nzima baadaye!

Jumapili tukapanda Old Moshi kwa miguu. Moshi ya kwanza ilikuwa huko. Mji ulishuka chini kufuata reli ya kutoka Tanga iliyofika 1911. Nikawaonyesha walipomnyonga Mangi Meli, Machi 1900, miaka kumi na kidogo tu tangu Meyer apande. Pale hatukupiga picha za kucheka.

Halafu tukaingia kwa baba mdogo. Ada yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka mgongoni kwake, kwa hiyo naandika hili kwa heshima. Ni mgumu, ndivyo wapagazi wanavyojiita. Amebeba kilo 20 miaka na miaka hadi kibanda cha Kibo, zaidi ya mita 4,700. Uhuru hajafika hata siku moja. Wageni wanashuka na vyeti, yeye anashuka na mahema.

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuunganisha tu hadi juu.

"Mwanangu, mgeni akishuka pale anatetemeka, anataka maji ya moto. Tukipanda wote, nani atayachemsha?"

Nikamsimulia habari za Mwini Amani. Alisikiliza huku anawamiminia wageni uji, halafu akauliza neno moja tu: "Walimlipa?"

Dada wa Pangani akacheka. Baba mdogo hakucheka.

Basi wadau, mgeni akikuuliza tena nani wa kwanza, mtajie na aliyebaki kwenye hema. Mimi kesho nina kipindi saa mbili, miguu inauma, na baiskeli ya watu sijarudisha. Tuko pamoja!