Kamina na mashini za moshi: makaa mabaya yalipatiwa dawa

KAMINA – Mji huu ulikua pamoja na reli. Kampuni ya BCK, iliyoundwa mwaka wa 1906, ilifikisha reli Bukama mwaka wa 1918. Kisha ikapita Kamina, Kaniama na Mwene-Ditu mpaka Port-Francqui, leo Ilebo, mwaka wa 1928. Mwaka wa 1956 njia ya Kabalo ikaunganishwa, Kamina ikawa njia panda.

Mashini za wakati ule zilikula kuni na makaa ya mawe. Kule Luena, upande wa Bukama, kuna mgodi wa makaa, lakini makaa yake yana majivu mengi. Makaa ya namna hiyo yanasumbua: majivu yanayeyuka, yanaganda chini ya moto na kuziba hewa. Mvuke unapungua, na treni inashindwa mlima.

Wabelgiji walichagua dawa nyingine. Mwaka wa 1952 walitia umeme wa volti 25,000 kati ya Jadotville, leo Likasi, na Tenke. Ilikuwa kati ya njia za kwanza duniani kutumia umeme wa aina hiyo. Baadaye nyaya zikafika mpaka Kamina.

Lakini mvuke haukufia hapo. Huko Argentina, injinia Livio Dante Porta alitengeneza upya mashini za reli ya Río Turbio, zilizochoma makaa hafifu. Alipunguza hewa inayotoka chini ya moto, akachanganya humo mvuke ili majivu yasiyeyuke. Hewa nyingi akaiingiza juu ya moto. Hivyo makaa yanageuka kwanza gesi, kisha gesi inawaka vizuri, na vipande vibichi havirushwi ovyo kwenye bomba la moshi.

Mwaka wa 1981 injinia Mwingereza David Wardale alitumia mafundisho hayo Afrika Kusini. Katika karakana ya Salt River, Cape Town, mashini namba 3450 ilibadilishwa, ikapakwa rangi nyekundu. Makaa yalipungua kama asilimia 28, maji asilimia 30, na nguvu ikaongezeka. Reli ya kule ina upana wa milimita 1,067, sawasawa na ya Kamina.

Hata hivyo haikuenea. Wakubwa wa reli walikuwa wamekwisha kuchagua dizeli na umeme.

Kwa familia zilizohama, habari hii si ya mafundi tu. Mwaka wa 1992 na 1993, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai waliofukuzwa Katanga walingoja treni siku nyingi kwenye magare, wakapita Kamina kwenda Mwene-Ditu na Kananga. Wengine walikufa wakingoja. Reli ina mashini ya namna gani, inakula nini, na nani anaitengeneza: kwa aliyekaa gare na watoto bila chakula, hayo ni maswali ya uzima.