Mwenyehisa mdogo ana usemi gani kuhusu mgao wa faida?

WENYEHISA wengi wadogo huamini kwamba mkutano mkuu wa mwaka ndio unaopanga kiasi cha mgao wa faida. Sivyo. Kwa kawaida katiba ya kampuni huwaachia wakurugenzi kazi ya kupendekeza kiasi hicho. Mkutano waweza kukiidhinisha au kukikataa, lakini hauna uwezo wa kukiongeza hata kwa senti moja. Mgao wa muda, ule unaolipwa kabla ya hesabu za mwaka kufungwa, aghalabu haufikishwi mkutanoni kabisa.

Isitoshe, kura huhesabiwa kwa hisa wala si kwa vichwa. Safaricom ilipouza hisa kwa umma mwaka wa 2008, Serikali ilibaki na asilimia 35 na Vodafone asilimia 40. Halaiki ya Wakenya waliopanga foleni benki iligawana asilimia 25 iliyosalia pamoja na mashirika na wageni. Mwenye hisa 1,000 alipata Sh100 kwa mwaka uliomalizika Machi 2009, mgao ukiwa senti 10. Kwa mwaka uliomalizika Machi 2024 mgao ulikuwa Sh1.20, yaani Sh1,140 baada ya ushuru wa asilimia tano. Tofauti hiyo ililetwa na faida, si makelele ya mkutanoni.

Hata hivyo, mnyonge huyu hakosi silaha. Mwaka wa 1956 msomi wa Marekani, John Lintner, aliyechunguza kampuni 28, alionyesha kuwa wasimamizi huchelea mno kupunguza mgao ambao wenyehisa wamekwisha kuuzoea. Wanajua kwamba waliokata tamaa huuza, na bei ikashuka.

Silaha nyingine ni uchaguzi wa wakurugenzi, ambao hustaafu kwa zamu na kuomba kurejeshwa. Asiyeweza kuhudhuria humteua mwakilishi kwa fomu inayoambatana na ilani ya mkutano (fomu ambayo wengi wetu huitupa bila kuisoma).

Tangu 2020, mikutano mingi imefanyiwa mtandaoni na maswali hutumwa mapema. Anayengoja siku yenyewe huenda akachelewa. Swali la kutuma si “mbona mgao ni mdogo?” Aulize faida iliyozuiliwa inakwenda katika mradi upi, na iwapo mgao unalipwa kwa pesa zilizochumwa au za mkopo.