Jina, Anwani na Jibu la Uongo

Soko la Owino hapa Kampala huitwa rasmi St. Balikuddembe. Mgeni akiuliza kwa jina lolote kati ya hayo atafika. Hatari iko kwa anayemjibu. Siku yangu ya kwanza niliuliza kibanda cha mama anayemuuzia shangazi mitumba. Kijana mmoja aliwahi kujibu, akanipeleka kwa tajiri wake, nami nikakabidhi pesa za mzigo.

Historia ya mfumo wa majina ya intaneti inafanana na kisa hicho. Mwaka 1983 Paul Mockapetris aliubuni ili uchukue nafasi ya orodha moja iliyotunzwa California. Watumiaji walikuwa wachache, wakiaminiana, hivyo kompyuta ilipokea anwani bila kudai uthibitisho. Kinga yake kuu ilikuwa namba ya swali, moja kati ya 65,536.

Mwaka 2008 Dan Kaminsky alionyesha kwamba mwongo anaweza kuikisia namba hiyo kwa muda mfupi na kumtangulia mwenye jina. Jibu la uongo huhifadhiwa, kisha wapewa wote waulizao baadaye. Julai mwaka huo makampuni yaliongeza namba ya pili ya kukisiwa. Julai 2010 sahihi za kidijitali zikawekwa kwenye mzizi wa mfumo.

Kwa maoni yangu, chanzo cha udhaifu huu si uzembe, bali ni imani ya watu wachache kurithiwa na umati. Hata hivyo, sahihi hazimsaidii asiyezikagua. Mimi sasa humpigia simu yule mama kabla ya kulipa.