Kucha za Watoto Hazikuanzia TikTok

Kila likizo ni story ile ile. Familia inapanda ndege kwenda Dubai ama Unguja, mtoto wa miaka saba anarudi na kucha za pinki na maua mkononi, mathe anapost picha, halafu komenti zinajaa: "Hizi ni tabia za wazungu. Mtoto na kucha wapi na wapi?"

Wasee, hebu tusome historia kidogo. Mimi niliacha chuo, sikuacha kusoma.

Korea, wasichana wadogo wamepaka kucha vizazi na vizazi bila saluni. Wakati wa joto wanachuma maua ya bongseonhwa, wanayaponda na shabu, wanayaweka juu ya kucha na kuzifunga usiku mzima. Asubuhi zimegeuka rangi ya chungwa. Wanasema rangi ikidumu hadi theluji ya kwanza, penzi lako la kwanza litatimia.

Hapa kwetu Lamu na Mombasa, Idi ikikaribia watoto hupakwa hina viganjani na kuchani. Hiyo hatukuletewa na mzungu. Alichotuletea ni chupa. Cutex ni kampuni ya Marekani iliyoanza 1911 na dawa ya kulainisha ngozi ya kando ya kucha, rangi ikafuata baadaye. Ndiyo maana mamako anaita rangi yoyote ya kucha "cutex."

So kucha si ishu. Ishu ni yale maua meusi.

Hina ya kweli ni majani ya mhina. Inakaa mkononi masaa kadhaa, inatoa rangi ya chungwa, halafu inaiva kuwa kahawia siku moja au mbili baadaye. Hina nyeusi haiko. Ile nyeusi tii ya ufuoni, inayoshika chap chap kwa sababu mtalii hana muda wa kungoja, ni piko: rangi ya nywele yenye kemikali inayoitwa PPD. Sheria ya Ulaya inairuhusu kwenye rangi ya nywele pekee, isizidi asilimia 2. Kuchora ngozi nayo, hapana. Na pale ufuoni nani anapima?

Binamu yangu mdogo alichorwa hivyo Desemba. Wiki iliyofuata yale maua yalikuwa malengelenge, petali kwa petali. Kovu si ndiyo mbaya zaidi. Mwili ukishaikataa PPD, kawaida huikataa maisha yote. Akiwa na miaka 20 apake nywele rangi, uso unaweza kuvimba hadi macho yafunge.

Kwa hivyo mzazi, acha mtoto ajipambe. Lakini kabla hajanyoosha mkono, uliza imechanganywa na nini na inakaa muda gani. Ukiambiwa ni nyeusi na dakika kumi inatosha, mpake cutex ya pinki muende zenu kuogelea.