Farasi Hawezi Kutapika: Miaka 3,000 ya Kupambana na Msokoto wa Tumbo

Mwezi Februari 1789, huko Cannons karibu na London, farasi ambaye hajawahi kushindwa mbio hata moja alishikwa na tumbo. Jina lake Eclipse. Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1764, siku ambayo jua lilipatwa, na jina likatoka hapo hapo. Alikimbia mbio 18, akashinda zote 18. Chukua farasi wa mbio wa leo wa aina ya Thoroughbred, awe Uingereza, Dubai au pale Ngong jijini Nairobi, kisha fuata baba, babu, baba wa babu, uendelee hivyo hivyo. Zaidi ya tisa katika kila kumi watakufikisha kwa Eclipse.

Yaani huyu alikuwa farasi wa thamani kuliko majumba ya watu. Kama kulikuwa na mnyama duniani ambaye angepewa tiba bora ya wakati wake, ni yeye. Na bado alikufa, akiwa na miaka 24, kwa kitu ambacho wachunga farasi walikuwa wanakifahamu tangu enzi za kale: msokoto wa tumbo.

Sasa jiulize. Watu waliuona ugonjwa huu kwa zaidi ya miaka 3,000. Mbona iliwachukua muda mrefu hivyo kujua la kufanya?

Kwanza tulielewe tumbo lenyewe

Farasi mkubwa ana kilo kama 500, lakini tumbo lake la chakula ni dogo, lita 8 hadi 15 tu. Halafu pale umio unapoingia tumboni kuna msuli unaobana kwa nguvu ajabu: chakula kinashuka, hakipandi. Kwa hiyo farasi hatapiki. Wewe ukila kitu kibaya unakimbilia chooni, unatapika, unapata nafuu. Farasi hana mlango huo. Gesi au maji yakijaa tumboni na njia ya mbele imeziba, tumbo linaweza kupasuka.

Mbele ya hapo kuna utumbo mwembamba wa zaidi ya mita 20. Kisha mfuko mkubwa wa lita kama 30, ambamo vijidudu huchachusha nyasi. Kisha utumbo mpana, wa mita tatu na zaidi, uliokunjwa mara mbili kama mpira wa kumwagilia bustani uliosukumwa ndani ya gunia. Sehemu yake kubwa haijafungwa kwenye ukuta wa mwili. Ukijaa gesi unaelea, ukielea unaweza kuhama mahali pake, na ukihama unaweza kujisokota. Tena kuna kona moja ambapo njia inakuwa nyembamba ghafla, na hapo ndipo nyasi kavu hupenda kukwama.

Umeona jambo lenyewe? "Msokoto wa tumbo" si ugonjwa mmoja. Ni maumivu, na nyuma yake panaweza kuwa na gesi tu, au chakula kilichokwama, au mchanga uliolundikana, au minyoo, au utumbo uliojisokota hadi damu haipiti. Huyu wa gesi anaweza kupona mwenyewe kabla hujamaliza chai yako. Huyu wa mwisho ana saa chache tu. Ukiwatazama kwa mbali, wote wawili wanafanana.

Waliona vizuri, wakajibu vibaya

Katika magofu ya mji wa Ugarit, kwenye pwani ya Syria ya leo, vimepatikana vibao vya udongo vyenye maandishi ya tiba za farasi. Vina umri wa zaidi ya miaka 3,200. Mtindo wake ni rahisi: farasi akiwa hivi, mfanyie hivi. Mojawapo ya dalili zilizotajwa ni farasi kutokunya na kutokojoa. Dawa yake inasagwa, inachanganywa, kisha inamiminwa puani.

Wagiriki nao waliandika sana habari za farasi, na neno lao la utumbo mpana, *kolon*, ndilo lililozaa jina la ugonjwa huu katika lugha nyingi za Ulaya. Waarabu wakalipokea, wakasema *qulanj*. Ibn Sina, tabibu mkubwa aliyeandika kuhusu *qulanj* ya binadamu, inasimuliwa kwamba ndiyo iliyomsumbua hadi kifo chake mwaka 1037. Hata neno la Kiarabu la daktari wa wanyama, *baytar*, asili yake ni Kigiriki, na maana yake ya kwanza ilikuwa daktari wa farasi. Kwa karne nyingi tiba ya wanyama, kwa kweli, ilikuwa tiba ya farasi, maana bila farasi hakuna jeshi.

Tiba zenyewe zilikuwa zipi? Kutoa damu kwenye mshipa wa shingo. Shubiri ya kuharisha. Afyuni ya kutuliza. Tangawizi, tapentaini, pombe kali. Usiwacheke haraka. Waliamini mwili unaendeshwa na vimiminika vinne, na ugonjwa ni vimiminika hivyo kutolingana. Ukiamini hivyo, kutoa damu ni jambo la akili kabisa.

Tatizo lilikuwa jingine. Farasi wengi wenye msokoto hupona, hasa wale wa gesi. Ukimpa tangawizi farasi ambaye angepona hata hivyo, nani anapata sifa? Tangawizi. Na yule aliyekufa? Watu watasema alicheleweshewa dawa. Kwa mtindo huo dawa haiwezi kushindwa kamwe, na kitu kisichoweza kushindwa hakimfundishi mtu chochote. Wakati huo huo, shubiri ilikuwa inamharisha farasi ambaye utumbo wake umefungwa kabisa, na dawa iliyomiminwa kwa nguvu mdomoni au puani mara nyingine iliishia mapafuni.

Mzoga uliofunguliwa

Turudi kwa Eclipse. Alipokufa, mzoga wake ulipasuliwa na Mfaransa mmoja, Charles Vial de Sainbel. Huyu alisomea Lyon, kwenye shule ya kwanza ya udaktari wa mifugo barani Ulaya, iliyoanzishwa na Claude Bourgelat mwanzoni mwa miaka ya 1760. Sainbel alipima mifupa ya Eclipse kimoja kimoja, akatafuta siri ya mbio zake. Moyo wake ulitajwa kuwa na uzito wa ratili 14, zaidi ya kilo 6.

Kazi hiyo ilimpa jina. Mwaka 1791 chuo cha kwanza cha udaktari wa mifugo Uingereza kilianzishwa London, naye akawa profesa wake wa kwanza. Hakudumu, alifariki 1793. Lakini chuo kipo hadi leo, na mifupa ya Eclipse bado inatunzwa huko.

Kilichoanza kubadilika hapo ni tabia: mnyama akifa, mfungue uone. Miaka ilivyokwenda, madaktari wakagundua kwamba chini ya jina moja wamezika magonjwa mengi. Huyu utumbo umejisokota. Yule umeziba. Mwingine mshipa wa damu unaolisha utumbo umevimba na kujaa minyoo michanga.

Hilo la minyoo lilikuwa kubwa. Mwaka 1870 Mjerumani Otto Bollinger alichapisha kazi nzima kuhusu minyoo hiyo. Wanapokuwa wachanga husafiri ndani ya kuta za mishipa, damu inaganda, utumbo unakosa damu. Bollinger alidhani karibu misokoto yote chanzo chake ni hicho. Alizidisha, lakini alikuwa amewashika mhalifu halisi.

Mhalifu huyo alishindwa kweli kweli miaka zaidi ya 100 baadaye, ilipoingia sokoni dawa ya mifugo iitwayo ivermectin, mwaka 1981. Na kama hujawahi kumgusa farasi maishani mwako, huenda dawa hii unaijua. Kama umewahi kumeza dawa za kinga ya usubi au matende na mabusha zinazogawiwa vijijini, huenda ivermectin ilikuwemo. Ilianza kwa wanyama, wakiwemo farasi, ndipo ikatufikia sisi. Waliofanya kazi ya msingi, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Kisu kilichelewa

Utumbo uliojisokota hausikii dawa. Lazima mtu aingie auzungushe kwa mkono, na kama sehemu imeshakufa aikate. Jambo dogo kulisema! Hebu fikiria kumlaza chali mnyama wa nusu tani. Uzito wa utumbo wake mwenyewe unakandamiza mapafu. Akizinduka vibaya, anaruka na kuvunja mguu. Ndiyo maana upasuaji huu ulisubiri dawa bora za usingizi. Halothane ilianza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1956, na katika miongo miwili iliyofuata upasuaji wa msokoto ukawa kazi ya kawaida katika hospitali kubwa za farasi.

Silaha nyingine ni ya kawaida mno: mpira mrefu unaopitishwa puani hadi tumboni. Kwa kuwa farasi hawezi kutapika, daktari anatapika kwa niaba yake. Ona mzunguko wa historia: watu wa Ugarit walimimina dawa puani, leo njia ni ile ile ya pua, ila tunaanza kwa kutoa.

Na wewe ukikutana naye

Dalili ni zile zile ambazo wachunga farasi wa zamani walizijua. Farasi anakataa chakula. Anageuka kutazama ubavu wake. Anaparua ardhi kwa kwato, analala na kuinuka, anajiviringisha, anatoka jasho bila kazi. Kinyesi kinapungua au kinakoma.

Kipya ni kupima. Mapigo ya moyo ya farasi mzima aliyetulia ni 28 hadi 44 kwa dakika. Yakipita 60, hali ni mbaya. Bonyeza ufizi kwa kidole kisha achia: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ufizi uwe wa waridi. Ukiwa mwekundu sana, wa zambarau au mweupe, usisubiri. Weka sikio ubavuni. Utumbo mzima unanguruma. Kimya ni habari mbaya.

Kisha ondoa chakula chote, mpigie daktari wa mifugo, umpe namba ulizopima. Ukiweza kumtembeza taratibu kwa usalama, mtembeze, lakini usimchoshe kwa saa nzima. Usimmiminie kitu mdomoni. Usimpe dawa ya maumivu kabla ya kuongea na daktari, kwa sababu itamficha yule mwenye saa chache. Na akianza kujirusha chini, kaa mbali, huwezi kumzuia.

"Mimi sina farasi," utasema. Sawa, lakini huenda kuna punda mtaani kwenu anayebeba maji au mchanga. Tumbo lake ni la muundo ule ule, naye hatapiki. Pale Lamu, kwa mfano, mifuko ya plastiki inayookotwa jalalani imewahi kuziba matumbo ya punda. Tofauti ni kwamba punda huficha maumivu. Mara nyingi hajiviringishi wala haparui. Anasimama tu, kichwa chini, masikio yamelegea, hali. Mwenye naye anasema leo ana uvivu, anampiga fimbo.

Ukimwona punda wa namna hiyo, usimsubiri aanze kugaagaa ndipo uamini kwamba anaumwa. Mtazame ufizi, muulize mwenye naye mara ya mwisho alikunya lini, kisha mtafuteni daktari siku hiyo hiyo.