Uigaji katika Mafunzo ya Uuguzi

Uigaji, katika taaluma ya uuguzi, ni mbinu ya kufundisha ambayo kwayo hali ya wodini hujengwa upya katika chumba cha mazoezi, ili mwanafunzi achunguze, aamue na kutenda pasipo kumhatarisha mgonjwa. Istilahi hii inatokana na kitenzi "iga", na haina budi kutofautishwa na "uigizaji", ambao huelekea zaidi kwenye jukwaa la tamthilia. Umbo lililotoholewa, "simulesheni", nalo huweza kumpotosha msomaji akadhani linahusu masimulizi.

Vifaa vya mbinu hii vina historia ndefu. Mwaka 1911 shule ya wauguzi ya Hospitali ya Hartford, Marekani, ilianza kumtumia mwanasesere mwenye ukubwa wa mtu mzima, aliyekuja kuitwa Bi. Chase kwa jina la mtengenezaji wake, Martha Jenks Chase. Hata hivyo, mwanasesere peke yake hafanyi uigaji. MamaNatalie, kwa mfano, ni kifaa ambacho mkufunzi hujifunga tumboni, akawa mama anayejifungua, anayelalamika na kujibu maswali, huku akiachilia damu ya bandia ili mwanafunzi atambue uvujaji wa kupita kiasi, aite msaada, akande mfuko wa uzazi hadi ukaze na kuandaa oksitosini. Mkufunzi hapo anaigiza, lakini mwanafunzi haigizi: anafanya kazi yake halisi ya uuguzi ndani ya hali iliyoigwa. Zoezi likiisha hufuata mjadala wa tathmini, ambapo kila mshiriki hueleza alichoona, alichoamua na sababu yake.

Umuhimu wa uigaji ni dhahiri Nakuru, Kenya, ambako wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton na wa Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya (KMTC) husomea katika jiji lenye hospitali ya rufaa inayopokea wagonjwa hata kutoka kaunti jirani, kama vile Baringo na Nyandarua. Mama anayevuja damu akifikishwa wodini, wenye uzoefu ndio humshughulikia na mwanafunzi hubaki kutazama, ilhali akishahitimu huenda akapangiwa zahanati ya mbali ambako yeye ndiye mtaalamu pekee wa zamu. Uigaji humpa nafasi ya kuamua mapema, ingawa hauwezi kuchukua mahali pa wodi. Kwa hiyo chumba chenye wanasesere tele, lakini kisicho na visa vilivyopangwa wala mjadala wa tathmini, ni maabara ya stadi tu. Bado hakijawa mahali pa uigaji.