Hadithi za Mapenzi Katika Skrini: Hadhira ya Mkuyuni na Uhakiki Usioandikwa

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kumtafuta msomaji aliyeshika kitabu. Mazoea hayo yana sababu zake, kwani shule na vyuo ndivyo vilivyoulea uhakiki huo. Hata hivyo, tangu miaka ya 1990 watu wengi wa mijini nchini Tanzania wamezipokea hadithi mashuhuri za mapenzi za dunia kwa kuzitazama na kuzisikiliza, pasipo kuzisoma. Mhadhara huu unalichunguza suala hilo kutoka Mkuyuni, kata ya Wilaya ya Nyamagana iliyo kando ya Ziwa Victoria, kusini mwa kitovu cha jiji la Mwanza. Hoja yake ni kwamba mtu anayetazama toleo moja la hadithi, kisha jingine, na kubishana na jirani yake ni lipi lililowatendea haki wahusika, anafanya kazi ya mhakiki. Kazi hiyo haijaandikwa, na kumbukumbu zake zinapotea.

Kutoka jumba la sinema hadi kibanda umiza

Kabla ya televisheni, miji ya Tanganyika yenye wafanyabiashara wa asili ya Kiasia, Mwanza ikiwamo, ilikuwa na majumba ya sinema yaliyoonyesha filamu za Kihindi. Filamu hizo zilipendwa na watu wa kila asili. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, ilikuwa miongoni mwa zilizopendwa mno, ingawa watazamaji wengi hawakuijua lugha yake.

Zanzibar ilipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo vya CTN na ITV vilipoanza kurusha matangazo. Katika kipindi hicho cha kusubiri, kulegezwa kwa masharti ya biashara katikati ya miaka ya 1980 kulifungua njia ya kuingiza deki na mikanda ya video. Hapo ndipo vilipozaliwa vyumba vidogo vya kutazamia ambavyo watu waliviita vibanda umiza: joto jingi, mabenchi magumu na kiingilio ambacho mtu wa kipato kidogo aliweza kukimudu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mwanza yenyewe ikawa makao ya kituo cha Star TV.

Mfasiri kama fanani

Katika mitaa ya kando ya ziwa hukutana Wasukuma, Wakerewe, Wakara, Wajita, Wahaya na Wajaluo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Filamu ya Kihindi au ya Kiingereza ilihitaji mtu wa kuifikisha katika lugha hiyo. Nchini Uganda, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, walitokea wasimulizi waliopunguza sauti ya filamu na kuieleza kwa kipaza sauti mbele ya watazamaji. Tanzania nayo ikapata wafasiri wake, na aliyejulikana zaidi ni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Baadaye sauti hizo zilirekodiwa juu ya mikanda, zikasambazwa hadi miji ya mbali.

Istilahi ya fasihi simulizi inayomfaa mtu huyu ni fanani. Hakutafsiri neno kwa neno. Alimtambulisha stelingi, akatabiri hatari, akachomeka methali, akamkaripia baba mkatili na kumhurumia binti anayelia. Hadhira yake nayo ilimjibu. Kwa hiyo toleo lililosikika lilikuwa na watunzi watatu: mwandishi wa riwaya, mwongozaji wa filamu na mfasiri.

Devdas wawili

Mfano unaofafanua jambo hili vizuri ni Devdas, riwaya ya Kibengali ya Sarat Chandra Chattopadhyay iliyochapishwa mwaka 1917. Kijana wa ukoo wenye mali anampenda Paro, jirani yake wa tangu utotoni. Wazazi wanakataa, Paro anaozwa kwa mwanamume mwingine, na Devdas anaangamia kwa ulevi huku Chandramukhi, mwanamke wa danguro, akimpenda pasipo kupata kitu. Bimal Roy aliitengenezea filamu mwaka 1955, Dilip Kumar akiwa Devdas. Sanjay Leela Bhansali aliirudia mwaka 2002 kwa kumtumia Shah Rukh Khan.

Matoleo haya hayasemi jambo moja. Katika riwaya Paro na Chandramukhi hawakutani kamwe. Roy anawapitisha njiani wakatazamana, kila mmoja akaenda zake kimya. Bhansali anawakutanisha na kuwachezesha ngoma pamoja. Devdas wa riwaya anasomea Calcutta. Wa mwaka 2002 anarejea kutoka London. Mtazamaji anayeyaona mabadiliko hayo analazimika kujiuliza: je, wanawake wawili waliompoteza mwanamume mmoja wanaweza kufarijiana? Aibu ya Devdas inatokana na udhaifu wake au na ukoo wake? Hayo ni maswali ya fani na maudhui, na mtu hahitaji cheti ili ayaulize.

Hali hii haikuihusu India peke yake. Pride and Prejudice ya Jane Austen, riwaya ya mwaka 1813, ilitengenezwa na BBC mwaka 1995 kuwa tamthilia ya televisheni ya sehemu sita, kisha ikawa filamu ya takribani saa mbili mwaka 2005. Tamthilia ndefu ina nafasi ya kuonyesha jinsi moyo wa mtu unavyogeuka polepole. Filamu fupi hulazimika kuchagua. Tukio la mwaka 1995 ambalo wengi hulikumbuka, la Darcy kujitosa katika bwawa, halimo kitabuni. Gurinder Chadha, mwongozaji mzaliwa wa Nairobi, aliihamishia hadithi hiyo Amritsar katika filamu yake ya mwaka 2004. Ikiwa waongozaji hawa wanasifiwa kwa kubuni, ni vigumu kuona sababu ya mfasiri wa kibandani kulaumiwa kwa kosa lile lile.

Meli mbili

Lipo pia toleo ambalo hadhira huja nalo yenyewe. Titanic ya James Cameron, ambayo chanzo chake si riwaya, ilitoka Desemba 1997. Mwaka uliofuata Joshua Amandus Mtani aliigeuza kuwa hadithi ya katuni ya Kiswahili. Mwaka 2003, huko kaskazini mwa Nijeria, ilitengenezwa upya kwa Kihausa. Kila mahali mapenzi ya tajiri na maskini yalieleweka upesi.

Mwanza ilikuwa na sababu nyingine ya kuielewa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba, ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Mamia walikufa, na wengi walizikwa Igoma, nje kidogo ya mji. Filamu ilitoka mwaka mmoja na nusu tu baadaye. Mtu aliyezika ndugu zake Igoma hawezi kuitazama Titanic kama anavyoitazama mtu wa London. Kwake, swali la nani anapata nafasi ya kuokoka na nani anafungiwa chini lina majina ya watu anaowajua. Mhakiki anayelinganisha kitabu na filamu pekee hulikosa toleo hili la tatu.

Rosa bila skrini

Ng'ambo ya maji, katika kisiwa cha Ukerewe, ndiko alikozaliwa Euphrase Kezilahabi, aliyeishi kati ya mwaka 1944 na 2020. Rosa Mistika, riwaya yake ya mwaka 1971, inamhusu binti wa kisiwa hicho aliyelelewa kwa ukali wa baba mlevi, akauonja uhuru shuleni na chuoni, na hatimaye akakataliwa na mchumba kwa sababu hakuwa bikira. Kwa muda riwaya hiyo ilizuiwa kutumika shuleni. Devdas na Rosa wanaangamizwa na jambo moja, yaani heshima ya ukoo. Lakini Devdas amepata mfululizo wa matoleo ya skrini yanayoruhusu kila kizazi kumhukumu upya. Rosa hana mfululizo wa namna hiyo. Watu wa Mkuyuni wamefundishwa kulinganisha hatima za wapenzi wa Bengal na Uingereza kuliko hatima ya binti wa kisiwa cha jirani.

Hitimisho

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 hazikumpa mfasiri wa filamu nafasi iliyo wazi. Alifanya kazi pembeni, na mikanda yake ikafutwa, ikarekodiwa juu au ikaliwa na ukungu. Vyuo vinavyokusanya ngano na tenzi vina wajibu wa kuikusanya pia mikanda iliyobaki, na kuwahoji wafasiri na watazamaji wa vibandani wangali hai. Mtazamaji aliyemlilia Chandramukhi akiwa juu ya benchi la Mkuyuni alikuwa na maoni kuhusu wema, ukoo na haki. Ni stahili yake kuulizwa.